Mdomo wa Mdudu Mwekundu

Miaka ya tisini nilikuwa bwana shamba huku Kitengela, na aibu hii naikiri leo kwa mara ya kwanza. Mama Nduku, mjane aliyelisha watoto wake kwa sukumawiki, aliniletea wadudu wekundu wenye madoa meusi. Niliwatazama haraka kwa lenzi, bila miwani kwa sababu nilijiona bado kijana, nikaona kitu chembamba kichwani.

"Huo ni mdomo wa kufyonza utomvu wa majani," nikamwambia. "Piga dawa."

Akapiga, na wale wekundu wakafa wote. Baada ya wiki mbili vidukari, wale wadudu wadogo ambao ndio wafyonzaji wenyewe, walikuwa wamejaa kwenye sukumawiki yake mpaka ikanyauka.

Aliniita mbele ya kikundi chao cha akina mama, akanipa mdudu mmoja mwekundu aliyekauka. "Tuonyeshe huo mdomo."

Safari hii nilivaa miwani. Kile chembamba kilikuwa kipapasio tu, cha kunusia na kugusia. Chini yake niliona taya mbili za kutafuna, na katikati yake umekwama mguu wa kidukari. Ikabidi niwaambie nilichokiona.

Mama Nduku akaniuliza polepole, "Bwana shamba, kwa hivyo huyu alikuwa ananisaidia?"