Kabula Alipoitikia Ndiyo

Siku yangu ya kwanza wodi ya wazazi, mjini Ifakara, Muuguzi Mkuu alinikabidhi patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa mama saa kwa saa, akaniagiza nisiache kisanduku hata kimoja wazi. Nilimtii miaka yote. Kwa muda mrefu niliamini hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Baadaye nilihamishiwa zahanati moja kando ya barabara ya Mlimba. Mimi ni Mpogoro wa Mahenge. Wengi wa kina mama tulielewana nao kwa Kiswahili, na kilipopungua nilichomekea Kipogoro. Walionishinda ni wake vijana wa Wasukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao. Waliishi mbali, huko kwenye malisho, na Kiswahili walikuwa hawajapata pa kujifunzia. Wenzangu waliwaita wagumu. Hata mimi niliwahi kusema hivyo.

Asubuhi moja akaja mmoja wao, Kabula, ana uchungu, pamoja na mama mkwe wake. Bibi huyo alibaki nje, maana ndugu hawakuruhusiwa chumba cha kujifungulia. Nikamuuliza Kabula kama anajisikia vizuri. Ndiyo. Kama mtoto anacheza. Ndiyo. Mashine yetu ya presha ilikuwa imeharibika wiki hiyo, kwa hiyo niliyategemea majibu yake, nikaandika kwamba hana tatizo. Kisha nikauliza, "Hii ni mimba yako ya ngapi?"

"Ndiyo," akajibu, kwa heshima ileile.

Nikaweka kalamu chini, nikatoka kumwita mama mkwe. Mganga Mfawidhi, mkuu wetu wa zahanati, alinizuia mlangoni akanikumbusha utaratibu.

"Daktari," nikamwambia, "nimejaza ukurasa mzima, na huyu mama bado sijamsikia."

Akaenda mwenyewe kumletea bibi kiti.

Bibi alikuwa na Kiswahili cha mnadani, kidogo lakini kilitosha. Alimsikiliza mkwewe, akanigeukia. "Kichwa, siku mbili. Macho yanaona moshi."

Hizo ni dalili za kukaribia kifafa cha mimba, kinacholetwa na presha na kinachoweza kuua mama na mtoto. Tuliazima kipimo duka la dawa la jirani. Presha ilikuwa juu mno. Nikamchoma sindano ya magnesiamu ya kuzuia kifafa, tukapanda gari la wagonjwa kuelekea Ifakara, bibi akiwa amemshika kichwa.

Hatukuwahi. Njiani mtoto akaanza kutokeza, nikamwambia Kabula, "Sukuma! Sukuma!" Akaacha kabisa, machozi yakamtoka.

Bibi akaniambia taratibu, "Anauliza, kabila lake limekosa nini."

Nilimshika Kabula mkono, nikamwomba bibi anifundishe neno lao la kusukuma mtoto. Nikalitamka vibaya, na Kabula, katikati ya maumivu yale, akatabasamu. Mtoto wa kike alizaliwa analia. Mama yake alilazwa siku kadhaa, akapona.

Tangu hapo Mganga Mfawidhi hakumzuia tena ndugu yeyote mlangoni.

Sasa nimestaafu. Wauguzi vijana hunitembelea, nami huwaambia wamuulize mama swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana, kisha wasubiri. Wakishaondoka huwa nawawaza waliopita mikononi mwangu kabla ya Kabula. Waliniitikia kwa adabu, nikawaruhusu waende nyumbani. Sijui walitaka kuniambia nini.