Sahihi ya Lufeyo

Lufeyo alimuuguza mkewe, Nasibeko, mpaka saratani ya mlango wa kizazi ikammaliza. Alimfulia matambara ya damu mwenyewe, kazi ambayo sisi wanaume wa Ntchisi, huku Malawi, hatuigusi. Basi nesi alipoleta shuleni chanjo ya kukinga kirusi cha ugonjwa ule, kile kinachoambukizwa kitandani, Lufeyo alikuwa wa kwanza kutia sahihi fomu ya ruhusa ya binti yake, Tiyamike.

Siku ya sindano akatokea Bizeki, kaka wa marehemu. Kwetu mtoto ni wa mjomba. Baba ni mkwe tu, aliyehamia ukweni na jembe lake.

“Shemeji, nani kakupa ruhusa?” Bizeki alifoka. “Mtoto wa miaka kumi na miwili, unamfungulia njia ya umalaya?”

“Dada yako kafia mikononi mwangu, shemeji.”

“Kafa na heshima yake. Wewe kalime.”

Nesi akatutazama wanaume tuliokuwepo. Tukainamisha vichwa, wapumbavu sisi. Bizeki akamshika Tiyamike mkono, wakaondoka. Lufeyo akaokota jembe, akaenda kulima.

Mimi nina wapwa wanne wa kike. Fomu zao bado ninazo mfukoni, hazina sahihi.