Mchunga wa Bi Ruqaiya

Mishi wa Mambrui siku hizi anapika mchunga. Naam, Mishi yuleyule aliyekuwa akikunja pua akiona mboga chungu jikoni! Mumewe, Yaseen, amepatikana na sukari, daktari kamkataza mikate myeupe na soda, na nyumba nzima imerudi kwenye muhogo, kunde, mbaazi na samaki wa kuchoma. Gari limeuzwa, watoto wanakwenda shule kwa miguu, na wallahi hakuna aliyekufa.

Lakini Mishi hana raha, na sababu anaijua mwenyewe.

Mavyaa wake, Bi Ruqaiya, mama yake Yaseen, ndiye aliyekuwa na bustani nyuma ya nyumba. Mchunga, mnavu, mchicha, vyote alivipanda kwa mkono wake. Binti yao Wafa alipoposwa, Mishi akataka pa kuwakalisha wageni kutoka Mombasa. Tena aliona haya: wakwe waje wakute majani yanatokota, waseme Yaseen kashindwa kulisha watu wake? Akaleta mafundi, bustani yote ikamwagwa saruji.

"Na mchunga usipikwe tena humu ndani, mama," alisema.

Bi Ruqaiya alimtazama tu. "Haya, mwanangu." Hakuteta. Afadhali angeteta!

Miaka sita imepita. Saruji wameivunja kipande kwa kipande. Miche wamepewa na Charity, jirani yao mzaliwa wa Jilore, na ndiye aliyemfundisha Mishi kuuchemsha mchunga, kumwaga maji ya kwanza, kisha kuutia tui zito. Bi Ruqaiya naye yu kitandani, akili inakuja na kwenda. Mishi anataka kitu kimoja tu: radhi za bibi huyu kabla Mungu hajamchukua. Kila siku huazimia kuziomba, kila siku ulimi huwa mzito.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, alijipa moyo. Akapakua sima na mchunga, akaingia chumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akamlisha tonge la kwanza. Bi Ruqaiya akatafuna polepole, uso ukachangamka. Mishi akaona wakati ndio huu. Akamshika mkono.

"Mama, nimekuja kutaka radhi..."

"Sss!" Bibi akamkatiza, macho mlangoni. "Sema polepole, Charity. Ahsante, mwanangu, miaka yote hii hujaacha kuniletea. Nipe hima nimalize, kisha sahani uende nayo ukaioshe kwenu. Mkaza mwanangu Mishi asiione. Si mbaya yule, ni haya za watu tu."

Mishi alitaka kusema, mama, mimi siye Charity. Akashindwa, machozi yakamtangulia. Akamkatia tonge jingine, lakini bibi hakulipokea, alikuwa bado anautazama mlango kwa hofu. Basi Mishi akainuka, akaenda kuufunga.