Tulilinganisha ada za vyuo binafsi, tukasahau kahawa inalipwa mwezi gani

Wakuu, salaam.

Mods naomba msiuunganishe uzi huu na zile za "chuo kipi bora". Hii sio chai ya kutunga. Ni ya nyumbani kwetu Iyula, Mbozi, na naandika nikiwa nimekata tamaa kabisa.

Mdogo wangu Eliza alimaliza form six, mkopo akakosa. Mzee wetu, mkulima wa kahawa tangu nimfahamu, akasema atasoma chuo binafsi, kahawa ipo.

Mimi nipo mji wa Mpemba, karibu na mpaka, nahangaika na makaratasi ya malori kwenye ofisi ya clearing. Nikamuuliza bosi chuo gani kina soko. Akacheka.

"Dogo, mimi siangalii chuo, naangalia cheti. Huna cheti, huna kazi."

Nikaona basi, vyote sawa.

Tukakaa kikao nyumbani. Cha Dar tulikitupa mapema, hosteli peke yake ingetufilisi. Vikabaki viwili. Kimoja cha hapo Mbeya, ada imechangamka ila wanapokea kidogo kidogo mwaka mzima. Kingine mbali, ada chini sana, lakini unalipa nusu kila semester, na usipomaliza huingii kwenye UE, mtihani wa mwisho wa semester.

Mzee akauliza swali moja tu. "Kwa mwaka, ipi ndogo?"

Tukamwonyesha.

"Twende na hiyo. Kahawa ikilipwa, tunalipa."

Hakuna aliyebisha. Kwetu bati, mahari, hata deni la dukani, vyote vinasubiri kahawa. Mwenye duka naye anasubiri, maana na yeye ana shamba lake. Chuo hakina shamba.

UE ya Februari haikuwa shida, hela ya msimu ilikuwepo. Ya pili ni Julai. Wenzangu wa Mbozi mnaijua Julai: kahawa ipo kwenye vichanja inakauka, nyingine bado mtini. AMCOS, ushirika wetu wa wakulima, wanalipa baada ya mnada, huko Oktoba au Novemba, ukibahatika.

Eliza akazuiwa mlangoni. Arudie semester mwaka unaofuata.

Mtasema tungeweka akiba. Tuliweka. Mama akalazwa, ikaenda yote. Mtasema angehama. Chuo kiligoma kutoa matokeo mpaka deni liishe. Mwaka mmoja tukakopa, akafanya mtihani. Uliofuata tukakwama palepale, Julai.

Aliniambia first year walikuwa wanagombea viti, third year ukumbi mweupe. Hilo hatukuwahi kuuliza, wangapi wanaanza na wangapi wanamaliza. Matangazo ya vyuo hayasemi, na sisi macho yote yalikuwa kwenye ada.

Sasa wamemwandikia kwamba muda unaoruhusiwa wa kusoma kozi yake umeisha. Kadisko, wakuu, kafutwa chuo. Hana supp hata moja, lakini kadisko.

Siku aliyonipigia hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alisema tu, "Kaka, mwambie baba sijafeli. Anza na hilo."

Inaniuma sana. Ada ndogo imetugharimu kuliko ile kubwa, na cheti hatuna.

Kama kwenu mnaishi kwa msimu, ulizeni chuo ada inadaiwa mwezi gani kabla ya kuuliza ni shilingi ngapi. Tafuteni waliomaliza pale, muwaone kwa macho. Mkikosa wa kuwaona, kimbieni.

Juzi AMCOS wamelipa. Bei imekuwa nzuri, sijawahi kumsikia mzee na furaha namna ile. Kanipigia asubuhi na mapema.

"Nitumie namba ya malipo ya chuo, mwanangu. Safari hii tunamlipia mwaka mzima, wasimsumbue tena."

Nikamwambia mtandao unakatika, nitampigia.

Sijampigia mpaka sasa. Wakuu, mliowahi kupeleka habari kama hii nyumbani, naombeni mnisaidie. Unaanzaje?