Jirani kaziba madirisha yake, kasoro moja

Nyie, jirani yangu hapa Tabata kajenga nyumba ya matofali mekundu, kaweka madirisha, halafu kayaziba kwa matofali hayohayo!

Kwa joto hili la Dar?

Mie nikajua tu, yule mzee anaficha kitu.

Leo nikavizia katoka, nikamfuata fundi wake. "Fundi, humo ndani mnaweka nini?"

Akacheka. "Hamna kitu, dada. Bosi kaleta picha ya nyumba ya zamani ya Uingereza. Wenyewe waliyaziba kukwepa kodi ya madirisha, na yeye anataka vilevile."

Akanionyesha kwenye simu. Kweli bwana! Ukuta mwekundu, bomba la moshi juu ya paa, na ubavuni madirisha manne, yote yamezibwa.

Nikaona aibu. Nikamwomba na radhi.

Nikarudi zangu uani kuanika nguo. Ubavu huo wa nyumba yake ndio unaotazama kwangu, nikajikuta nahesabu.

Yamezibwa matatu.

La nne liko wazi, linachungulia bafu langu la uani lisilo na paa.

"Fundi! Hilo mmelisahau?"

"Hapana, dada. Hilo bosi kasema tuliache."

Jamani, nishaurini kabla hajarudi. Nimuulize yeye, au nimuulize mkewe?