Mama Tovuti na Ramani ya Sauti

Wifi yangu ana ugonjwa usio na dawa: hawezi kukuona una shida asikupe tovuti. Nenda dukani kwake ukatoe nakala ya karatasi yako. Atakutazama kwa juu ya miwani, atakuuliza unafanya kazi gani, na mashine haijamaliza kutema karatasi ameshaandika anwani nyuma ya bahasha. Fundi bomba alipewa tovuti inayoonyesha namna ya kufungua koki za kila aina. Mshonaji akapewa ya kukata makoti. Mimi ni msusi, saluni yangu imepakana na duka lake la steshenari, nikapewa ya mitindo ya nywele. Nikamwambia, "Wifi, mimi nasuka tangu hujaolewa kwetu, leo nifundishwe na kioo cha simu?" Akacheka tu. Jioni nikaifungua kwa siri. Nzuri, sikatai.

Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Tovuti. Ana sharti moja: hampi mtu tovuti ambayo yeye mwenyewe hajaifungua akaitumia. "Siwezi kukupakulia mchuzi ambao sijaonja chumvi," husema.

Lakini mganga hajigangi. Aliyewasaidia watu wote hao alikuwa na mmoja nyumbani aliyemshinda, mumewe, yaani mdogo wangu wa tumbo moja. Alikuwa mwalimu wa jiografia, wa kuchora bara zima ubaoni bila kutazama kitabu. Presha ya macho ikampofusha. Basi akahamia kwenye kochi la sebuleni, na mwaka mzima hakukanyaga barabarani. Niseme ukweli, niliogopa. Macho yakizima mtu anaweza kuishi, ila huyu alikuwa anazima mzima mzima, na mimi sina ndugu mwingine.

Wifi alimletea tovuti ya vitabu vinavyosomwa kwa sauti. "Huyo anasoma kama anafukuzwa," akasema Mwalimu. Akamletea ya habari. "Zilezile za jana." Akamletea ya mafunzo kwa wasioona. "Nani kakwambia nataka kuanza darasa la kwanza?" Wifi alikuwa akija saluni amekaza midomo, anakaa kwenye kiti cha wateja. Nami namsema mdogo wangu kwa niaba yake: sikio la kufa halisikii dawa, mwache! Lakini hakumwacha.

Siku moja akaja mchomelea vyuma kuchapa fomu. Alipopewa tovuti yake akasema, "Mama, leo na mimi nikupe moja." Akaeleza kwamba ina ramani ya dunia, na watu wa nchi mbalimbali hurekodi sauti za mahali walipo, wakaziweka humo. Ukibonyeza nukta, unasikia. Yeye husikiliza mvua za watu anapojilaza mchana, apumzishe masikio.

"Tovuti ya makelele!" nikadakia. "Si tunayo hapa bure?"

Sharti ni sharti, lazima aijaribu kwanza. Tulipokwenda kwake kula chakula cha mchana, akaifungua pale mezani. Hakumsemesha mumewe, maana alishachoka kukataliwa. Ukatoka mlio wa treni, breki zinalia, na mwanamke anatangaza kwa lugha nisiyoijua.

Mwalimu akageuza kichwa. "Ongeza sauti."

Wifi akaongeza.

"Hao wanakanyaga theluji," akasema. "Sikilizeni viatu."

Wifi akasoma maelezo. Kweli bwana, kituo cha treni, mwezi wa kwanza, nchi ya baridi kali. Akabonyeza soko, akabonyeza mto, akabonyeza bandari. Karibu saa nzima mdogo wangu alikuwa safarini, anabishana na wifi kuhusu upepo unavuma kutoka wapi. Kisha akauliza, "Hapa kwetu wameweka nini?"

Wifi akaikuza ramani, akaikuza tena. "Hakuna kitu. Hata nukta."

"Hata nukta?" Akawaka, hasira yake ileile ya darasani. "Ramani gani hiyo inaruka watu wazima na akili zao? Dada, viatu vyangu viko wapi?"

Jamani, nikaenda mbio kuvitafuta. Vilikuwa na vumbi la mwaka mzima.

Tukasimama barabarani, kati ya gereji na duka la mshonaji. Wifi akamshikisha simu, tayari kurekodi. Mwalimu akanigeukia. "Dada, dakika tatu usiseme neno."

Mimi! Mimi ambaye hata nikiwa na kibanio mdomoni naongea! Nikanyamaza. Cherehani ikaenda, nyundo ikagonga bati, pikipiki zikapita, mama mmoja akamwita mwanawe mara nne. Mdogo wangu kasimama juani, uso kauinua, anatabasamu. Machozi yakanishinda. Nikabana pua, wapi!

Tuliporudi ndani tukasikiliza. Kwenye dakika ya pili, kwikwi zangu zilisikika wazi kabisa.

"Turudie," nikasema kwa aibu.

"Ya nini? Ramani inachora kilichopo," akajibu Mwalimu. Akamwambia mkewe aandike maelezo, naye akayataja neno kwa neno: "Mtaa wetu, saa tisa alasiri. Cherehani, gereji, pikipiki mbili. Anayelia ni dada yangu. Hana shida, amefurahi."