Uzi wa Sare
Baba alikuwa fundi cherehani, na uzi mpya aliupima kwa njia yake. Tulishona kipande cha kaki, tukakichemsha kwa sabuni, tukakisugua kwa brashi, tukakianika, kisha tukaanza upya. Mara ishirini ndani ya siku tatu, naye alisema huo ni mwaka mzima wa mtoto wa shule. Uzi huo mpya, wa bei rahisi, ukafaulu, tukashonea nao sare za shule nzima pale Gitega.

Sare zilipokwisha kuondoka ndipo wasiwasi ukanishika. Nilichukua shati kuukuu la mdogo wangu nione liliharibikia wapi. Mifuko na kola, vilivyosuguliwa kila wiki, vilikuwa vizima. Lilikuwa limeachia kwapani, na uzi wa hapo ulikatika nilipougusa tu. Jasho ndilo lililouozesha, na jasho hatukulipima.

Nilimwonyesha baba. Aliligeuza lile shati, akanirudishia.

“Labda mwaka huu hakutakuwa na joto,” akasema.

Muhula ule watoto walipita dukani kwetu kila asubuhi wakinipungia. Kila mkono ulipoinuka, macho yangu yalikimbilia kwapani.